Hedifoni ya starehe na hedifoni ya kazi

Wiki moja, watu wawili wa nyumba moja walinijia na swali lilelile. Dada yangu alitaka hedifoni za kusikilizia mawaidha na taarabu akiwa kwenye daladala, Mbagala hadi Kariakoo asubuhi na kurudi jioni. Mwanawe, aliyeanza kutengeneza biti kwenye kompyuta ya mtumba, naye alitaka hedifoni. "Mjomba, we nitajie tu zilizo nzuri, nitazitafuta mwenyewe," akaniambia. Pesa waliyokuwa nayo ililingana. Nilipowaambia wasinunue za aina moja, dada akakunja uso. "Kitu kizuri si kizuri tu? Au kuna masikio ya daraja la kwanza na la pili?"

Masikio ni yaleyale, kazi ndiyo inayotofautiana. Dada anavaa hedifoni ili wimbo umpendeze. Mwanawe anazivaa ili zimwonyeshe wimbo umeharibika wapi kabla haujafika kwa watu. Hedifoni zinazofanya kazi ya kwanza vizuri sana, mara nyingi ya pili huiharibu. Nimeona kijana akitumia akiba ya miezi sita kununua hedifoni za kifahari za kurekodia ambazo hazikumfaa hata kidogo, na nimeona mtu mzima akinunua hedifoni za studio kwa sababu boksi limeandikwa "professional", kisha akalalamika kwamba muziki umekuwa mkavu.

Ukizifungua, zote ni ndugu. Ndani kuna sumaku, koili ya waya mwembamba kama unywele, na kiwambo chepesi kilichogandishwa kwenye koili hiyo. Umeme wa sauti ukipita kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, kiwambo kinatikisika, na hewa iliyo kati yake na sikio lako inatikisika nacho. Za elfu kumi za barabarani na za milioni moja za studio, nyingi hufanya kazi hivyo. Na kifaa hiki kilianzia kazini. Nathaniel Baldwin, Mmarekani wa Utah, alitengeneza hedifoni zake mwaka 1910 na jeshi la wanamaji la Marekani likazinunua kwa ajili ya wasikilizaji wa redio melini. Kampuni ya Beyerdynamic ya Ujerumani ikatoa DT 48 mwaka 1937, zenye koili na kiwambo kama tunavyovijua leo. Hedifoni za kukaa sebuleni na kufurahia muziki wa stirio zililetwa na Mmarekani John Koss mwaka 1958. Kwa hiyo kwa karibu miaka hamsini hedifoni zilikuwa chombo cha kazi, kisha ndipo zikawa za starehe, na tangu hapo njia mbili hizo zimekuwa zikiachana.

Zinapoachana zaidi ni kwenye besi. Sikio la binadamu mwenye afya husikia kuanzia mitikisiko 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi hezi 20,000. Besi ya singeli iko chini huko, sauti ya mwimbaji iko katikati, na mlio wa matoazi na herufi "s" viko juu. Karibu kila boksi la hedifoni limeandikwa "20–20,000", na maandishi hayo hayakwambii kitu, kwa sababu hayasemi kila sehemu inatoka kwa nguvu kiasi gani. Ni sawa na mpishi akwambie chakula chake kina chumvi, sukari na pilipili, asikwambie vijiko vingapi. Hedifoni nyingi za starehe hupandishwa besi kwa makusudi, na juu pia huongezwa kidogo ili zing'ae. Mteja akizijaribu dukani kwa nusu dakika, anatikisa kichwa na kutoa pesa. Sioni ubaya wowote hapo. Kwenye daladala, mngurumo wa injini unameza sauti nzito kuliko nyingine zote, kwa hiyo besi iliyoongezwa inarudisha tu kile kelele ilichokula.

Ubaya unaanzia pale unapozifanyia kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilichanganya sauti za kikundi cha taarabu ya kisasa nikitumia hedifoni nilizopewa zawadi, zenye besi ya kutetemesha mashavu. Nilifanya kazi usiku, nyumba imelala. Gitaa la besi lilikuwa linafunika kinanda, nikalishusha. Bado likafunika, nikalishusha tena, hadi likakaa mahali pake chini ya sauti ya bibi mwimbaji kama mkeka chini ya wageni. Nililala nimeridhika. Kesho yake wimbo ule ulipigwa kwenye spika kubwa za ukumbini, na gitaa la besi halikuwepo. Kulikuwa na sauti, kinanda, na uwazi mahali ambapo wimbo unatakiwa kusimamia. Mpiga besi, mtu mzima ninayemheshimu, alikuja taratibu akaniuliza kama kuna waya umechomoka. Hakuna waya uliochomoka. Hedifoni ziliniongezea besi isiyokuwemo kwenye rekodi, nami nikaipunguza kutoka kwenye rekodi. Kinyume chake hutokea pia: hedifoni kavu zisizo na besi humfanya mtu aijaze hadi wimbo unavuma kama pipa kwenye gari la kila msikilizaji.

Hivyo anachotaka fundi mitambo ni hedifoni zisizoongeza wala kupunguza. Ni rahisi kusema, lakini hapa pana fundo ambalo wengi hawalijui. Sauti inayotoka mbali haifiki kwenye ngoma ya sikio ilivyo. Umbo la sikio la nje na tundu lake huikuza njiani, hasa karibu na hezi 3,000, ambako maneno ya binadamu hupata uwazi wake. Ubongo wako umeizoea hali hiyo tangu utotoni. Hedifoni hukaa juu ya sikio, zikaruka sehemu ya njia hiyo, kwa hiyo zikitoa kila masafa, yaani kila sauti kuanzia nzito hadi nyembamba, kwa nguvu sawasawa kabisa zitasikika zimefifia, kama mtu anayesema nyuma ya pazia. Hedifoni za kweli lazima ziige kile ambacho sikio lingefanya. Ni kiasi gani? Mainjinia wamebishana kwa miongo.

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010, watafiti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, wakiongozwa na Sean Olive walianza kulipima jambo hili kwa kuwasikilizisha watu hedifoni bila kuwajulisha ni za nani wala za bei gani. Waliochaguliwa walikuwa wa nchi mbalimbali, wenye mafunzo ya kusikiliza na wasio nayo. Wengi walipenda hedifoni zinazokaribia sauti ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, besi ikiwa imeinuliwa kiasi. Mabingwa na watu wa kawaida hawakuachana sana. Matokeo hayo yalinibadilisha. Nilikuwa nikiamini kwamba sisi wa studio tuna ladha tofauti, na kumbe ladha ni moja. Tunachohitaji zaidi ya msikilizaji ni uhakika: hedifoni ziseme leo zilichosema jana, kushoto kusitofautiane na kulia, na tuwe tumezizoea kiasi cha kujua zinapodanganya.

Halafu hao "watu wa sauti" wenyewe si kundi moja. Aliye ndani ya kibanda cha kurekodia anahitaji kitu ambacho mchanganyaji sauti hakihitaji. Nilijifunza hili na msomaji wa kaswida, kijana mwenye sauti nyororo, tuliyemrekodi akiwa na hedifoni za mgongo wazi, zile zenye matundu nyuma ya kikombe. Masikioni alipigiwa kliki ya kumwongoza mwendo. Kila kitu kilikwenda sawa hadi beti la mwisho, pale anaposhusha sauti karibu na mnong'ono. Tuliposikiliza, chini ya mnong'ono ule kulikuwa na tik, tik, tik. Kliki ilivuja kutoka kwenye hedifoni zake ikaingia kwenye maiki iliyo sentimita ishirini kutoka mdomoni. Hakuna programu iliyoweza kuitoa bila kuitafuna sauti yake. Tukarekodi upya, na beti lile halikurudi kama lilivyokuwa mara ya kwanza.

Aliyesimama mbele ya maiki avae hedifoni zilizofungwa nyuma, zinazokumbatia sikio. Beyerdynamic DT 770 zimejaa kwenye vibanda vya kurekodia kwa sababu hiyo. Zile za mgongo wazi zina kazi yake. Kampuni ya Sennheiser ilitoa HD 414 mwaka 1968, za kwanza za aina hiyo kuuzwa, zenye sifongo za njano. Hewa inapopata njia ya kutokea nyuma, sauti haigongi ukuta wa kikombe na kurudi, na muziki unasikika kama uko chumbani badala ya kubanwa katikati ya paji la uso. Kwa kuchanganya sauti usiku, nyumba ikiwa kimya, ninazipenda kuliko zozote. Ndani ya daladala ni za bure: utamsikia konda kila neno, na jirani yako atasikia wimbo wako wote.

Mtangazaji anayerusha matangazo mubashara kutoka uwanjani ana shida nyingine. Lazima asikie studio inavyomwelekeza huku umati unapiga kelele, na wakati mwingine aachie sikio moja amsikie mtu aliye pembeni. Sennheiser HD 25, zilizotoka mwaka 1988, zimependwa na watangazaji na madijei kwa sababu zinabana kichwa barabara, kikombe kimoja kinageuzwa pembeni kuachia sikio, na kila kipande kinaweza kubadilishwa peke yake, kuanzia waya hadi mto. Uzito wake bila waya hauzidi sana gramu 140. Anayerekodi sauti za filamu au mahojiano naye ana kipenzi chake, Sony MDR-7506 za mwaka 1991, zenye waya wa kujikunja kama wa simu ya zamani. Hizi si tamu. Sehemu ya juu ya sauti imeinuliwa kidogo, na ndiyo sababu zinafaa: mvumo wa feni, mate yanayolia mdomoni, "s" inayochoma, kitambaa kinachosugua maiki ya kifuani, vyote vinajitokeza kama doa kwenye kanzu nyeupe. Nikisikiliza muziki kwa saa mbili kwa hizo, kichwa kinachoka. Nikikagua mahojiano kwa hizo, hakuna kinachonipita.

Kuna jambo linalowahusu vijana wetu wa studio za chumbani, na ninalisisitiza kwa sababu ushauri mwingi unaoandikwa ni wa watu wenye vyumba vilivyotengenezwa kwa ajili ya sauti. Wanasema usichanganye sauti kwa hedifoni, tumia spika. Lakini wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Chumba cha futi 10 kwa 10, chenye vigae chini na bati juu, hakina pa kuliweka. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake. Mahali pamoja besi inavimba, hatua moja pembeni inapotea. Kijana anahamisha kiti na wimbo unabadilika. Spika za milioni tatu ndani ya chumba hicho zitamdanganya kuliko hedifoni za laki mbili, na hedifoni hazimwamshi mwenye nyumba. Kwa hiyo achanganye kwa hedifoni bila aibu, ajue tu zinapokosea. Kwenye spika, sikio la kushoto husikia pia spika ya kulia. Kwenye hedifoni kila sikio limefungiwa upande wake, kwa hiyo vyombo vinaonekana kuwa mbali kuliko vilivyo, na mwangwi unasikika wazi mno hata mtu anautia kidogo kuliko inavyotakiwa. Dawa ni kuupeleka wimbo kwenye spika ya simu na kwenye gari la jamaa kabla ya kuuachia. Spika ya simu haitoi besi ya chini kabisa. Gitaa la besi likipewa ukali kidogo kwa juu, sikio linaujaza lenyewe msingi usiokuwepo, na msikilizaji ataapa kwamba amesikia besi.

Namba moja kwenye boksi ndiyo ya kuangalia kweli: ukinzani, yaani jinsi hedifoni zinavyoupinga umeme, unaopimwa kwa omu. DT 770 huuzwa za omu 32, 80 na 250, kwa sura ileile, na wauzaji wengi hawakuelezi tofauti. Simu na kompyuta hutoa nguvu ndogo. Hedifoni za omu 32 zitaimba vizuri humo. Za 250, au Sennheiser HD 600 zenye 300, zitatoa sauti ya mbali hata ukipandisha hadi mwisho, maana zinataka amplifaya au kifaa cha kurekodia chenye nguvu. Wengi huzirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Omu nyingi si ubora.

Na zisizo na waya? Tangu iPhone 7 ilipotoka mwaka 2016 bila tundu la jeki, na kampuni nyingine zikafuata, msikilizaji wa kawaida hana chaguo sana, na kwa kweli hajapoteza kitu kikubwa. Bluetooth hubana sauti ili ipite hewani. Sidii hubeba kilobiti 1,411 za data kwa sekunde, kodeki ya kawaida (njia ya kubana sauti) iitwayo SBC hubeba karibu 328 au pungufu, na LDAC ya Sony hufika 990. Ndani ya daladala hutaijua tofauti. Kinachowazuia watu wa sauti ni kuchelewa. Sauti ya Bluetooth mara nyingi hufika ikiwa imechelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukitazama video, simu hurekebisha picha ikaenda nayo. Mwimbaji akijisikia amechelewa kiasi hicho, ulimi unamkwama, na mpiga kinanda anakimbizana na kivuli chake. Kurekodi kunataka waya, na sidhani hilo litabadilika karibuni.

Teknolojia ya kuzima kelele nayo ni ya msikilizaji. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, aliipata fikra hiyo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, mngurumo ukimzuia kusikiliza muziki. Maiki ndogo husikia kelele ya nje, kisha hedifoni hutoa wimbi lililo kinyume chake, na mawili yakikutana yanauana. Hufanya kazi vizuri kwa kelele nzito isiyobadilika kama jenereta, feni na injini. Sauti ya mtu anayeongea hupenya. Kwa kuchanganya sauti sizitumii, kwa kuwa mashine inayoshughulikia kelele inashughulikia na muziki wangu pia. Kwa dada yangu ni jambo jingine, tena linahusu afya yake. Shirika la Afya Duniani linashauri usikilizaji wa desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) usizidi saa 40 kwa wiki; kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4, na kwa 100 ni kama dakika 20 tu kwa wiki nzima. Daladala lenyewe lina kelele, na mtu huipandisha sauti ya simu ili iishinde. Hedifoni zinazopunguza kelele, kwa mashine au kwa kuziba sikio barabara tu, zinamwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini. Nyuzi za usikivu zilizomo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na mafundi wenzangu wawili wanaishi na mlio masikioni usiku na mchana.

Dada anavaa ushungi, na hilo liliamua kila kitu. Mto wa hedifoni kubwa ukikaa juu ya kitambaa hauzibi. Hewa inatoka pembeni, na besi inatoka nayo. Wenye miwani hupata hivyo hivyo pale mkono wa miwani unapouinua mto. Nikamchagulia iyafoni za kuingia sikioni zenye vimpira vya saizi tatu. Tulijaribu vyote dukani: vidogo vikalegea na mawaidha yakawa membamba, vya kati vikakaa, na sauti ya shehe ikapata kifua.

Kwa mwanawe tulizunguka zaidi. Tulikataa mbili zenye jina kubwa na bei ndogo, maana MDR-7506 za bandia zimejaa duniani. Mwishowe tulipata hedifoni za kufungwa, za omu 80, zilizokwisha tumika. Mito ilikuwa imepasuka na kumwaga ngozi nyeusi shingoni. Mito mipya ilirudisha besi iliyokuwa ikivuja, na fundi akakata waya sentimita chache karibu na pini na kuiunga upya. Nikampa sharti moja: mwezi mzima asichanganye chochote, asikilize tu nyimbo kumi anazozijua tangu utotoni, kwa sauti ya chini. Alinuna. Siku ya tisa alinipigia simu usiku.

"Mjomba, ule wimbo wa mama anaoupenda. Yule bibi anavuta pumzi kabla ya kila mstari. Na mpiga kinanda amekosea mara moja, beti la tatu, wakaliacha vilevile."